Istilahi za Hitilafu za Picha katika Kompyuta Kongwe za Nyumbani

Mfasiri wa mwongozo wa matengenezo ana dhima ambayo mfasiri wa riwaya hanayo. Riwaya ikifasiriwa ovyo, msomaji ataifunga na kuirudisha rafuni. Mwongozo ukifasiriwa ovyo, fundi atang'oa kipande kizima na kukiacha kibovu mahali pake, na mashine iliyokuwa na maradhi mamoja itakuwa na mawili. Katika makala haya twakusudia kuonyesha jinsi jambo hilo linavyotokea katika fani moja ndogo, yaani utafutaji wa hitilafu za picha katika kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980, na kupendekeza maneno ambayo tunaamini yatamwongoza fundi badala ya kumpoteza.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tuhangaike na mashine za kale ilhali hata istilahi za mashine za leo hazijatimia. Jibu ni kwamba mashine hizo ni darasa zuri. Katika kompyuta ya siku hizi kazi nyingi zimefichwa ndani ya chipu moja. Katika kompyuta kongwe kila kazi ina chipu yake, inayoonekana kwa macho na kuguswa kwa kidole, na kila dalili kiwamboni ina njia fupi ya kufikia chanzo chake. Mwalimu anayetaka kuwaeleza wanafunzi kompyuta ni nini hawezi kupata mfano ulio wazi zaidi.

Tumechagua mashine iitwayo Commodore 64. Ilitolewa Marekani mwaka 1982 kwa bei ya dola 595, ikiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64, ikauzwa kwa mamilioni huko na barani Ulaya hadi kampuni iliyoiunda ilipofilisika mwaka 1994. Chipu zake za picha hazitengenezwi tena kiwandani humo. Anayehitaji moja ya asili huichomoa katika mashine nyingine iliyokufa. Kwa hiyo fundi anayeiharibu chipu nzima kwa sababu ya neno baya katika mwongozo, ameharibu kitu ambacho hakuna atakayekitengeneza upya.

Kwetu mashine hizi hazikuingia majumbani kwa wingi. Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na Tanzania Bara yenyewe haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mapema katika miaka ya 1970, na Kenya ilikuwa na televisheni tangu mwaka 1962. Matokeo yake ni kwamba lugha yetu haikupata nafasi ya kuzaa maneno ya kompyuta za nyumbani wakati zenyewe zilipokuwa hai. Lakini haikubaki mikono mitupu. Kompyuta hizo zilionyesha picha zake katika televisheni ya kawaida, na maradhi ya picha za televisheni mafundi wetu wanayajua na wanayataja kila siku. Hapo ndipo tunapopaswa kuchota kwanza, kabla ya kukimbilia kamusi za kigeni.

Yafaa tuanze kwa kutenganisha maneno manne ambayo wafasiri wengi huyatumia kama kwamba ni mamoja: dalili, hitilafu, ubovu na kasoro. Dalili ni kile kinachoonekana kiwamboni. Hitilafu ni kwenda kombo kwa utendaji, kama tusemavyo hitilafu ya umeme, ambapo huenda hakuna kitu kilichovunjika. Ubovu ni hali ya kipande chenyewe kilichokufa au kuchoka. Kasoro ni upungufu ambao kitu kimezaliwa nao. Lugha ya Kiingereza ina neno moja, glitch, ambalo watu wa kompyuta hulitupia karibu yote hayo, na mfasiri anayelitafutia neno moja la Kiswahili anajitafutia taabu isiyo na faida. Sisi twaona kwamba hapa Kiswahili kimetangulia, na hakuna sababu ya kurudi nyuma ili tufanane na wenzetu.

Kutokana na mgawanyo huo twapata kanuni ambayo makala haya yote yanaitegemea: jina la dalili litaje kile jicho linachokiona, wala lisitaje sababu yake. Mfasiri akiandika "ugonjwa wa chipu ya rangi" mahali ambapo mwandishi wa awali alisema tu kwamba rangi zinaonekana visivyo, amekwisha kutoa hukumu kabla ya ushahidi. Fundi atakwenda moja kwa moja kwenye chipu hiyo, na huenda haina kosa.

Kabla ya kuzitaja dalili, tuseme neno juu ya mahali zinapoonekana. Mafundi wengi husema "kioo". Neno hilo latosha katika mazungumzo, ila katika maandishi huleta utata, maana mwenye mashine akiandikiwa kwamba kioo kina hitilafu, atakitazama kama kimepasuka. Twapendekeza kioo kibaki kuwa kioo, na uso ambao picha hutokea uitwe kiwambo, neno la kitu kilichowambwa kama ngozi ya ngoma, ambalo limekwisha kushika mizizi, hasa Kenya. Skrini nayo inaeleweka na hatuikatazi. Chembe ndogo kabisa ya picha tuiite nukta. Ama neno kumbukumbu, lina utata wake ofisini, ambako kumbukumbu za mkutano ni karatasi zilizopigwa chapa na kutiwa saini; mtumishi wa serikali anayeandikiwa kwamba kumbukumbu zimeharibika aweza kudhani jalada limepotea. Dawa yake ni ndogo: tuseme chipu za kumbukumbu pale tunapokusudia vipande vya mashine.

Sasa tutazame jinsi picha inavyoundwa, kwani bila kuelewa hilo hakuna istilahi itakayosimama. Kiwambo cha Commodore 64 kina nukta 320 kwa mapana na 200 kwa kimo. Katika hali ya maandishi nukta hizo hugawanywa katika mistari 25, kila mstari nafasi 40, yaani nafasi 1000. Chipu ya picha, ambayo waundaji waliipa jina la VIC-II, haina picha yoyote ndani yake. Kazi yake ni kusoma mahali patatu na kuunganisha ilichokisoma, mara 50 au 60 kwa kila sekunde.

Mfano ulio karibu ni wa mpiga chapa wa zamani. Mpiga chapa ana mswada unaomwambia ni herufi gani ikae wapi. Ana kasha lenye herufi za risasi, ambamo hupata umbo la kila herufi. Na ana wino. Mswada wa VIC-II ni chipu za kumbukumbu kuu, ambamo kila herufi huandikwa kama namba: A ni 1, B ni 2, C ni 3, na kuendelea. Kasha lake ni chipu ya maumbo, ya kilobaiti 4, iliyotiwa kiwandani sura ya kila herufi katika mraba wa nukta nane kwa nane. Wino wake ni kumbukumbu ya rangi, chipu ndogo iliyo peke yake, yenye vyumba 1024 vya biti nne nne. Na biti nne zinatosha kutaja rangi 16, ambazo ndizo zote mashine inazozijua.

Msomaji ataona mara moja kwamba mswada ukikosewa, kasha likivurugika, au wino ukibadilika, makosa yatakayotokea karatasini hayafanani. Hivyo ndivyo ilivyo kiwamboni. Ikiwa kosa limo katika mswada, herufi zitakuwa nzuri na kamili, ila si zile zilizotakiwa. Tuseme biti ya mwisho imekwama katika moja: B, ambayo ni 2, itasomwa kama 3 na kuonekana C, D itaonekana E, lakini A na C, ambazo tayari zina moja mwishoni, zitabaki kama zilivyo. Dalili hii tuiite herufi kugeuka. Katika mashine za awali kumbukumbu kuu iligawanywa katika chipu nane, kila moja ikibeba biti moja ya kila baiti, kwa hiyo anayetazama ni herufi gani zinageuka kuwa zipi aweza kuitaja chipu inayoshukiwa kabla hajashika bisibisi. Haya huonekana pale ubovu ulipo mdogo. Chipu nzima ikifa, aghalabu mashine haiamki kabisa.

Ikiwa kosa limo katika kasha, kila nafasi itakuwa na kitu, na mahali pa kitu hicho patakuwa sahihi, lakini sura zitakuwa zimevunjika: vipande vya mistari, vigae, miraba isiyosomeka. Alama ya kuandikia itaendelea kupepesa, na mtu akibonyeza vitufe, vigae vipya vitatokea mahali pake, kwa maana mashine inafanya kazi na kufikiri sawasawa. Imepoteza tu sura za herufi. Dalili hii twapendekeza iitwe herufi kuumbuka. Tunajua kwamba neno hilo hutumiwa pia kwa mtu aliyefedheheka, lakini maana yake ya kuharibika sura ndiyo hasa inayohitajika hapa, na fundi hatalisahau.

Ikiwa kosa limo katika wino, herufi zitasomeka vizuri, zikiwa zimetapakaa rangi zisizotakiwa, pengine zikibadilika-badilika zenyewe. Hii ni rangi kupotoka. Hapa washukiwa ni zaidi ya mmoja: kumbukumbu ya rangi yenyewe, swichi ndogo ya elektroniki, chipu ya aina ya 4066, inayoiunganisha na njia kuu ya data, na VIC-II. Mwongozo uliofasiriwa "picha imeharibika, badilisha chipu ya picha" ungemfanya fundi aanze na huyu wa mwisho, aliye ghali kuliko wote, na pengine amelehemewa kwenye bodi hata kumng'oa ni hatari. Neno lililo sahihi lingemfanya aanze na wale wawili wa bei ndogo.

Rangi ina maradhi mengine yasiyohusiana na chipu hizo, na hapa lugha ya nguo inatufaa kuliko lugha ya umeme. Kila mwenye kanga ajua tofauti ya kanga inayochuja na kanga iliyopauka. Kiwamboni pia, rangi nyekundu ya herufi ikitoka nje ya mpaka wake na kupaka nafasi ya jirani, rangi inachuja. Rangi zote zikififia kuelekea kijivu, zimepauka. Kuchuja hutokea sana pale kompyuta inapounganishwa na televisheni kwa waya wa antena, maana ishara ya picha hupitishwa katika njia nyembamba mno. Hiyo ni hali ya njia, wala haidhuru chipu yoyote. Wapo watakaosema kwamba kuchuja kuna maana ya kupitisha katika chujio, na kwamba vitabu vya elektroniki vinaitumia hivyo. Ni kweli, lakini rangi inayochuja haina kitendwa, na chujio linalochuja lina kitendwa, na sarufi itatuhifadhi.

Neno chenga halina haja ya kutetewa. Televisheni isiyopata ishara nzuri hujaa vitone vyeupe na vyeusi vinavyochemka, na watu husema picha ina chenga, kama chenga za mchele. Kwa kompyuta kongwe chenga humaanisha kwamba ishara haifiki: televisheni haijatafutiwa masafa, waya umelegea, au kisanduku cha kurushia ishara kwenye antena kimechoka. Chenga hutofautiana na kumeta, ambako picha ni safi ila nukta moja moja zinang'aa na kuzimika hapa na pale. Kumeta hutoka ndani ya mashine, na huweza kutokea hata baada ya matengenezo, pale chipu mbadala isiyolingana kasi na ile ya awali inapowekwa.

Picha inayokimbia kwenda juu au chini bila kutulia, mafundi husema inapanda, na tuwafuate. Mara nyingi hakuna ubovu wowote. Mashine iliyouzwa Marekani hutoa picha 60 kwa sekunde, kila moja ya mistari 263. Ile iliyouzwa Ulaya hutoa picha 50 za mistari 312. Kompyuta ya Marekani ikiunganishwa na televisheni ya zamani iliyoundwa kwa mfumo wa Ulaya, ambao ndio ulioenea kwetu, picha yaweza kupanda na kukosa rangi, ingawa mashine zote mbili ni nzima. Mfasiri anayeongeza neno "mbovu" hapo kwa kudhani anamsaidia msomaji, anampotosha.

Tuje sasa kwenye kasoro za kuzaliwa. Mashine nyingi za Commodore 64 huonyesha michirizi hafifu ya wima, ya mwanga na kivuli, juu ya rangi tupu. Hiyo ni minong'ono ya umeme wa ndani inayovujia katika ishara ya picha, na mashine zilitoka nayo kiwandani. Vivyo hivyo katika Sinclair ZX Spectrum, kompyuta ya Uingereza ya mwaka huohuo wa 1982, kila mraba wa nukta nane kwa nane uliweza kuwa na rangi mbili tu. Kichoro chekundu kikipita mbele ya mti wa kijani, kimoja kililazimika kuvaa rangi ya mwenzake. Hapo tuseme rangi zinagongana. Michirizi na kugongana kwa rangi viandikwe chini ya kichwa cha kasoro, mbali na hitilafu, ili fundi asiende kutafuta ubovu usiokuwapo.

Tumeichelewesha habari ya umeme ingawa katika kazi yenyewe ndiyo inayotangulia. Adapta ya mashine hii hutoa umeme wa namna mbili: volti 5 za mkondo mnyoofu na volti 9 za mkondo geu. Kirekebishi cha volti ndani ya adapta ya zamani kina tabia mbaya: kinapokufa, mara nyingi hupandisha volti badala ya kuzipunguza, na chipu za kumbukumbu huungua. Ndiyo maana miongozo yote mizuri huagiza kwamba umeme upimwe kabla ya mashine kuwashwa, na kwamba usipungue volti 4.75 wala kuzidi 5.25. Tunawasihi wafasiri wasiandike "umeme mbaya" wala "umeme usio wa kawaida". Iandikwe wazi, volti kuzidi au volti kupungua, kwani kupungua huizuia mashine kuamka na kuzidi huiua, na mwenye mashine anapaswa kujua ni lipi kati ya hayo linalomkabili. Volti 9 nazo zina dalili yake. Katika mashine za awali chipu ya picha hupata sehemu ya umeme wake kutoka njia hiyo. Fyuzi yake ikikatika, taa nyekundu ya mashine itawaka kama kawaida na picha isitokee. Mtu asiyejua ataapa kwamba VIC-II imekufa, kumbe kilichokufa ni fyuzi.

Hapo tunafika kwenye dalili iliyo ya kawaida kuliko zote na iliyofasiriwa vibaya kuliko zote, yaani kiwambo cheusi. Twapendekeza maneno mawili. Televisheni isipopokea ishara yoyote, ikabaki na chenga au, kama ni ya kisasa, ikatangaza kwamba hakuna ishara, tuseme kiwambo kiko gizani. Televisheni ikipokea ishara iliyo thabiti, chenga zikatoweka, na kilichomo katika ishara hiyo ni weusi mtupu, tuseme kiwambo ni cheusi. Katika giza twashuku fyuzi, waya, au VIC-II yenyewe. Katika weusi VIC-II inaonekana kuwa hai, na tuhuma huhamia kwa wengine: chipu za kumbukumbu, chipu kuu ya kukokotoa, au ile iitwayo PLA, inayoamua kila mara ni chipu ipi yenye zamu ya kujibu, ambayo hupata joto jingi na hufa mara kwa mara. Twaweza kuiita chipu ya zamu.

Joto la chipu nalo lahitaji uangalifu wa lugha. Chipu ya kumbukumbu iliyo na shoti ndani huwa ya moto kuliko wenzake, na kidole kikipitishwa juu ya zile nane baada ya dakika chache huitambua. Lakini VIC-II na chipu ya zamu huwa za moto hata zikiwa nzima. Basi mwongozo uandike "ya moto kuliko wenzake", maneno manne, wala usiridhike na "ya moto".

Mashine ikiamka, huandika juu ya kiwambo kwamba baiti 38911 ziko huru. Namba hiyo haikuwekwa kwa pambo: mashine imeipata kwa kuijaribu kumbukumbu yake chumba kwa chumba, ikiandika na kusoma, na ikikuta chumba kisichorudisha kilichowekwa, husimama hapo. Namba iliyo ndogo kuliko hiyo ni dalili kamili kama ilivyo rangi au umbo, na mfasiri asiifupishe kuwa "karibu 39000", kama tulivyoona ikifanywa.

Limebaki neno moja ambalo hatujaafikiana juu yake. Picha ikionekana mara mbili, ya pili ikiwa hafifu kando ya ile ya kwanza, baadhi ya mafundi husema ina kivuli na wengine husema ina mzuka. Kivuli kinaeleweka upesi, lakini kimekwisha kutumiwa kwa sehemu zenye giza za picha iliyo nzima. Mzuka hauna mpinzani, ila walimu wengine wanaona haufai kitabuni. Tungependa kupata maoni ya wasomaji, hasa walio karibu na karakana za redio na televisheni, watuambie ni neno gani linalosemwa huko walipo.